Dada wa Friza

19 Novemba
Wingu limekaa juu ya Mocímboa da Praia tangu asubuhi na halijatoa hata tone. Mimi nami nimekaa ofisini vivyo hivyo. Naitwa Alzira, wakala wa bima. Nimezaliwa Mueda, nimesomea Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu huku kaskazini mwa Msumbiji, na kampuni imenileta huku pwani kwa sababu kati ya mawakala wake wote ni mimi peke yangu ninayejua Kiswahili. Nilikipata kwa bibi, ambaye wakati wa vita vya ukombozi alikimbilia Tanzania na kurudi na Kiswahili cha Mtwara.

Nauza bima ya gari, ya nyumba, ya maisha, ya mazishi, ya safari. Yaani nauza kila kitu kwa kila mtu, na hakuna anayenunua. Wenye magari wanachukua ile karatasi ya lazima ili polisi wasiwasumbue barabarani, basi. Leo Senhor Virgílio, mkuu wetu wa Pemba, amenipigia simu. Mvua zikiisha na hali ikiwa ni hii hii, meza yangu itafungwa, nami nitarudi Pemba kukaa mapokezi. Alisema kwa upole, ndiyo maana imeniuma zaidi. Nimeanza kuandika humu nijue siku zangu zinakwenda wapi.

22 Novemba
Mvua ya kwanza. Nimelowa mpaka viatu. Hakuna mteja.

27 Novemba
Mkono unakimbia kuliko kalamu, lakini lazima niandike.

Mchana nilishuka Milamba, mtaa wa wavuvi, kununua juisi ya ukwaju kwa Bi Muanajuma. Ni mama mtu mzima, mjane, anauza samaki, barafu na juisi kutoka kwenye friza iliyopo barazani kwake. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Ukarudi nikiwa nimeshika kikombe. Balbu iliwaka nyeupe kupita kiasi, friza ikakohoa, ukatoka moshi mwembamba nyuma, ikanyamaza. Bi Muanajuma hakupiga kelele. Alifunua mfuniko, akatia mkono ndani kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akaita majirani, akaanza kuwagawia samaki kabla hawajaharibika.

Akaniambia hii si ya kwanza kumfia tangu warudi kutoka ukimbizini, baada ya waasi kuchoma mji. Nikamuuliza kama wenzake nao yamewapata. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, pita mlango kwa mlango humu Milamba. Kila mama unayemwona anaishi ndani ya friza."

Nimepita. Ni kweli. Barafu ya wavuvi, samaki wa kupeleka Diaca na Mueda, maji baridi ya wanafunzi, nyama za harusi: vyote vimo ndani ya friza, na friza zote ni za akina mama. Hakuna wakala aliyewahi kuwabishia hodi. Kampuni yetu ina bima ya mali za dukani, imeandikwa kwa ajili ya maduka ya Maputo, na ndani yake friza inaingia bila kusukumwa. Moto, wizi, dhoruba, hitilafu ya umeme, yote yamo. Hakuna aliyewaambia tu.

Basi. Kuanzia kesho nauza kitu kimoja kwa watu wa aina moja. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikicheka peke yangu njiani.

28 Novemba
Senhor Virgílio amesikiliza, kisha akasema napunguza soko langu kwa makusudi. Nikamjibu kwamba soko langu kwa sasa ni sifuri, halina pa kupungulia. Amecheka. Ameniachia mpaka mwisho wa mvua.

4 Desemba
Siku nzima nimeshinda kwa Abibo, fundi wa friza karibu na soko. Nimejifunza mota inavyokufa, kwa nini umeme unaua unaporudi na si unapokatika, na kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachozuia. Mikono imejaa grisi. Tangu niache shule sijafurahia kujifunza namna hii.

8 Desemba
Nimerekodi sauti ya kwanza ya Whatsapp. Sikutaja kampuni, sikutaja bei. Nilisema jina langu, kisha jambo moja tu: umeme ukikatika, chomoa waya; ukirudi, subiri kidogo, usikimbilie kuchomeka. Na nikaeleza kwa nini.

Kabla ya kuituma nilimsikilizisha Bi Muanajuma. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema Kiswahili changu kina milima, mtu wa Milamba atadhani namgombeza. Akaketi nami, akanibadilishia maneno, hapa akatia la Kimwani, lugha ya pwani hii, pale akaniambia nipumue. Tukarekodi upya barazani kwake. Yeye mwenyewe akaituma kwenye kundi la akina mama wa mtaa.

Jioni sauti yangu imenirudia kutoka kwa mtu wa Palma nisiyemjua, amenitumia kwa kukosea namba, pamoja na ujumbe: msikilize huyu dada, anajua. Nimeruka kitandani kama mtoto.

12 Desemba
Kutoka Pemba yamekuja mabango ya Kireno. Baba, mama, watoto, gari jeupe, nyumba yenye majani ya kijani. Nimeyabandika kwa adabu. Bi Muanajuma ameingia, akayatazama kwa makini, akauliza hawa friza yao wameiweka wapi.

15 Desemba
Sauti ya pili: namna ya kupiga picha friza yako na risiti yake, na kumtumia ndugu aliye mbali, ili simu ikipotea picha isipotee. Maswali yamekuwa mengi kuliko ninavyoweza kujibu. Kila swali naligeuza kuwa sauti ya wiki inayofuata. Sitakosa la kusema mpaka nizeeke.

20 Desemba
Cassimo, mtangazaji wa redio ya jamii, amenifuata ofisini. Mama yake anasikiliza sauti zangu kila siku na yeye amechoka kuzisikia kupitia ukutani, bora azirushe hewani. Amenipa kipindi kifupi kila Ijumaa baada ya swala. Yeye ndiye aliyenibatiza Dada wa Friza. Watoto wa njiani tayari wananiita hivyo.

Mkataba bado hakuna hata mmoja. Wananisikiliza, wananikaribisha chai, wananisifu. Hawatii saini.

25 Desemba
Noeli Mueda. Mama ameuliza nauza nini siku hizi, nikamweleza. Ameuliza kama kuna bima ya binti asiyeolewa.

9 Januari
Leo kipindi kilikuwa cha moja kwa moja, watu wanapiga simu. Nilivaa gauni zuri, kana kwamba redio ina macho. Maswali yalikuwa mepesi: panya wamekula waya, mtoto amevunja mfuniko. Nilikuwa nacheka, Cassimo anacheka. Kisha akapiga mama mmoja, hakutaja jina. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, wale watu wa msituni wakirudi wakachoma nyumba, na friza imo ndani, mtalipa?"

Cassimo aliacha kucheka. Najua mkataba ule neno kwa neno: vita, uasi na mashambulizi havimo. Na najua tulivyofundishwa kujibu: njoo ofisini tulizungumze. Nikawafikiria wanaosikiliza. Kila mmoja wao aliwahi kukimbia na mtoto mgongoni, na wengi waliporudi walikuta kuta nyeusi.

Nikasema, "Hapana, mama. Hilo hatulipi. Bima hii haina uwezo huo, na mtu akikuahidi, muulize imeandikwa wapi."

Mama yule akasema amesikia, akakata. Hakuna aliyepiga tena. Cassimo akaweka muziki mapema.

10 Januari
Senhor Virgílio alipiga simu kabla sijanywa chai. Kuna mtu amemtafsiria kipindi chote. Hakuwa mpole leo. Alisema nimesimama mbele ya wilaya nzima kutangaza kisicholipwa, jambo ambalo hata washindani wetu wasingeweza kutufanyia. Anataka Ijumaa ijayo nisahihishe, niseme kila tukio litaangaliwa kivyake. Nilimuuliza kama kuna tukio la vita ambalo tungelilipa. Akasema hilo si swali la redioni. Nikamwambia basi hakuna cha kusahihisha. Akasema tutaona mwisho wa mvua, akakata.

Lakini sijuti. Naandika hapa ili kesho nisijidanganye kwamba nilijuta.

13 Januari
Kimya. Hata kwenye Whatsapp.

16 Januari
Asubuhi, kabla sijafungua madirisha, Bi Muanajuma aliingia ofisini akiwa na mtandio wake mzuri wa kutokea. Alikuwa ameshanunua friza nyingine, ya mtumba, kwa taabu zake. Hakuketi. Alisema alipokuwa kambini upande wa Pemba walipita watu wa kila aina, na kila aliyepita aliahidi kitu: mbegu, mabati, shule. Hajui hata mmoja aliyewahi kuwaambia hapana.

"Wewe umesema hapana hadharani, na ndiyo yako sasa naweza kuiamini. Niandike."

Nilimsomea kila kitu, pamoja na yasiyolipwa, hasa lile linalomhusu yeye, maana nyumba yake iko karibu na maji: bahari ikiingia ndani, hatulipi, mvua ikiingia kwa juu baada ya upepo kung'oa bati, tunalipa. Alirudia mwenyewe kwa Kimwani ili nijue ameelewa. Akatia saini.

Mteja wangu wa kwanza wa friza. Alipotoka nilifunga mlango, nikacheza.

30 Januari
Sina nafasi ya kuandika. Wanakuja wawili wawili, kwa sababu Bi Muanajuma anawaleta. Wanatoka Milamba, Nanduadua, hata Mbau. Kila mmoja namsomea yasiyolipwa kwanza, yanayolipwa baadaye. Baadhi wanaondoka. Wengi wanabaki.

Hermínio, wakala mwenzangu wa Pemba, amepiga kuuliza siri ni nini, naye afungue ukurasa wa friza mtandaoni. Nikamwambia aachane na friza, atafute watu ambao anapenda kukaa nao hata kama hawanunui, ajue kinachowanyima usingizi, kisha aseme hicho kwa lugha yao kila wiki bila kuchoka. Amefikiri kidogo, akasema anapenda kukaa na waoka mikate. Nikamwambia aanze kesho.

5 Februari
Joto la ajabu. Redio inasema kuna upepo mkubwa baharini. Leo sauti yangu haikuwa ya bima hata kidogo: inueni friza juu ya matofali, fungeni mabati, na maji yakija acheni friza, okoeni watu.

8 Februari
Upepo ulikuja alfajiri na kuondoka adhuhuri. Niko mzima. Ofisi imepoteza paa nusu, na mabango ya familia yenye gari jeupe sijui yameruka mpaka wapi. Naandika kwa penseli, kalamu zote zimelowa.

Nimeshuka mtaani upepo ulipotulia. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Lakini mabati yako juu ya minazi, minazi iko juu ya nyumba. Akina mama walikuwa barazani wakifuta maji, na waliponiona hawakulia. Waliinua simu. Walikuwa wameshapiga picha kila kitu, kabla na baada, kama tulivyofundishana. Hapo ndipo mimi nililia.

Chini kabisa, Bi Muanajuma alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Bati lake moja limetoka. Lakini ukutani, juu ya goti langu, kulikuwa na mstari wa mchanga na majani ya baharini, umenyooka kama umepigwa rula. Friza ilikuwa imelala kifudifudi, imejaa maji ya chumvi. Wote wawili tulikumbuka nilichomsomea siku ile ya saini.

13 Februari
Leo imekuwa siku ndefu kuliko zote za msimu huu.

Kampuni imemtuma Estêvão, mkaguzi wa hasara, mtu wa Maputo, kijana nadhifu asiyejua neno la Kiswahili. Njiani alikuwa ameamua kwamba Milamba yote ni mafuriko ya bahari, basi haina malipo. Nilimwomba atembee nami kabla ya kuandika. Tulianza juu. Nyumba baada ya nyumba nilimwonyesha ukuta mkavu chini na dari iliyooza juu, nikamtafsiria maneno ya akina mama, nikamwonyesha picha za asubuhi ile. Alikuwa anauliza vizuri, na alipoona amekosea alikubali. Kufikia mchana alikuwa ananitangulia kuingia na kutazama dari mwenyewe.

Kisha tukafika kwa Bi Muanajuma. Majirani walikuwa wamejaa uani. Mtu alikuwa ameshaufuta ukuta kwa matambara, ule mstari haukuwepo tena. Juu, tundu la bati lililong'oka lilikuwa wazi, jua linapita. Estêvão alilitazama tundu, akaitazama friza, akanigeukia mimi.

"Paa au bahari?" aliuliza kwa Kireno. "Wewe ulifika siku ile. Ukisema paa, naandika paa."

Wote walielewa, hata wasiojua Kireno. Bi Muanajuma alikuwa ananitazama. Huyu ndiye aliyenifundisha kusema na watu wake. Ndiye aliyeniletea kila mteja. Neno moja fupi lingetosha, na hakuna mtu Pemba nzima ambaye angejua. Nilihisi neno lile liko mdomoni tayari.

Nikasema bahari.

Nilisema kwa Kireno, kisha nikalirudia kwa Kiswahili ili lisimfikie kupitia kwa mtu mwingine. Bi Muanajuma alisimama, akaingia ndani, akarudisha pazia la mlango. Jirani mmoja alinitemea neno ambalo sitaliandika. Tulipofika barabarani Estêvão alifunga daftari lake. Hapo akasema madai yote ya nyumba za juu atayaidhinisha kama nilivyomweleza, na hatarudi kuyakagua.

19 Februari
Ramadhani imeingia. Naukosa ukwaju wa Bi Muanajuma. Naliona pazia lake limeshushwa kila ninapopita.

25 Februari
Zimekuja. Fidia zimelipwa zote, na leo lori limepanda kutoka Pemba na friza mpya za akina mama walioagiza pamoja. Mtaa mzima ulitoka. Waliofunga, wasiofunga, askari wa doria, wote walisukuma. Mama mmoja alikumbatia friza yake kabla haijateremshwa. Cassimo alikuja na kinasa sauti na hakuweza kunasa chochote kwa vigelegele. Kabla ya magharibi barafu ya kwanza ilikuwa tayari, na futari ya leo Milamba imekuwa na maji baridi. Mimi Mkristo nimefuturu katika nyumba ambazo sikuweza kuzihesabu, tumbo linaniuma, nina furaha isiyo na mfano.

Nimeambiwa mama mmoja aliyelipwa amempa Bi Muanajuma nusu ya friza yake aweke samaki. Sikuambiwa na yeye.

10 Machi
Nimetoka Pemba. Nilikwenda na jambo moja: bima ya akina mama wa pwani isiyolipa maji ya bahari imekosa nusu ya maana yake. Niliwaeleza nyumba zilipo, maji yalifika wapi, na namna ya kuinua friza ili hatari ipungue. Estêvão alikuwepo, akaniunga mkono kwa sauti kubwa. Senhor Virgílio alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tuandike kifungu hicho, kwa malipo ya juu kidogo, na kwamba mimi ndiye nitakayekiandika pamoja na mwanasheria. Nilipokuwa natoka aliniambia meza yangu haifungwi. Itakuwa ofisi ya pwani yote, kuanzia Palma mpaka Mucojo.

Alikuwa mpole tena, na safari hii haikuuma.

20 Machi
Idi. Nilikuwa nafua. Mlango ukagongwa, na aliyesimama nje ni Bi Muanajuma na sahani ya biriani iliyofunikwa kitambaa. Nilisahau hata kumkaribisha. Akaingia, akaketi, safari hii aliketi.

Alisema alinikasirikia sana, na alikasirika zaidi kwa sababu nilisema kweli. Ukuta aliufuta yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Majirani wamekuwa wakimwambia nimemtupa, naye mwanzoni aliwaachia waseme. Lakini juzi alisikia sokoni mtu akimwambia mgeni kwamba Dada wa Friza anawalipa marafiki zake tu.

"Nikamwambia huyo bwana, rafiki yake ni mimi," alisema. "Nataka unipe nafasi redioni. Wakinisikia mimi, hawatauliza tena."

Nilimwambia kwamba kuanzia mwezi ujao maji ya bahari yatakuwa yamo. Alitaka kuona yameandikwa wapi. Nikamwonyesha. Akaomba asomewe mara mbili.

3 Aprili
Mbingu nyeupe, mvua zimekwisha, barabara inatoa vumbi la kwanza. Kutoka Mucojo akina mama wamenitumia sauti wakiuliza nitafika lini, na kutoka Palma wameshanichagulia baraza la kukaa.

Baada ya swala tuliingia studio. Bi Muanajuma alikaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama nyuma karibu na mlango. Cassimo alitaka kumtambulisha kwa maneno marefu, yeye akamzuia kwa mkono. Alisogeza kipaza sauti karibu, akajitengenezea mtandio, akangoja taa nyekundu iwake. Kisha akasema, kwa ile sauti ya kutoka barazani kwake, pole pole, akipumua pale pale aliponifundisha mimi nipumue:

"Naitwa Muanajuma, wa Milamba. Mimi ndiye ambaye sikulipwa. Sikilizeni niwaambie kwa nini leo nimetia saini tena."